Maua Juu ya Jina la Gari

Ixelles, samedi, juin 2009

Mpaka sasa moyo unanipiga. Monsieur Luc, jirani yetu, alituazima gari yake ya njano ili tubebe bibi harusi, mutoto wangu Nadine. Gari ya mbio, ya Allemagne, kwa Wajerumani, nzuri kabisa. Lakini pale mbele kulikuwa jina yenye sijaona hata siku moja. Nikajisemea: ni faux, gari ya bandia! Bakwe batatucheka mtaa nzima ya Matonge. Donc nikaifunika ile jina na bouquet kubwa ya maua.

Kumbe! Tulipofika kanisani, papa wa bwana harusi, ni fundi wa magari, akasikia moteur inanguruma, akakuja mbio, akang'oa maua.

"Maman Nadine! Munajua hii ni nini? Ni atelier ndogo tu ya mafundi, banatengeneza gari chache sana, za bei kali, na jina yao benyewe! Nani alifunika?"

Na monsieur Luc alikuwa pale pale kwenye volant, yeye ndiye alituendesha, anasikia yote. Kesho nitamuangalia na macho gani?

Wanaume wote bakaizunguka ile gari, hata pasteur na Biblia yake mukononi. Mara nikasikia kioo cha gari kinagongwa toka ndani.

"Maman, waambie banifungulie! Leo ninaolewa ao hapana?"