Filamu ya Watu Wawili

Dada Rehema,

Shikamoo. Najua hukutarajia kadi yangu, maana tangu arobaini ya mama hatusemeshani kwa sababu ya kugombea cherehani yake. Isome tu.

Gazeti limenituma Kampala kuhakiki filamu mpya za nje zinazohusu familia. Jana mvua ilinikamata sokoni Owino, nikajibanza kwenye kibanda cha mama mmoja Mkongo anayeuza DVD. Hapangi filamu zake kwa nchi wala kwa waigizaji. Kila boksi ameliandika kwa kalamu nene: Mume. Mama mkwe. Mtoto mkubwa. Nilipomwomba filamu nzuri, akaniuliza, "Ulikosana na nani?"

Nikajikuta nasema, "Na dada yangu."

Akachakura, akatoa filamu ya Kituruki. Nikamuuliza ikoje.

"Mkubwa anakosea mwanzo, mdogo anakosea mwisho," akasema, lakini hakuiachia. "Hii haiangaliwi na mtu mmoja. Kama unataka ya peke yako, chagua ingine."

Nikamwahidi kwamba sitaiangalia peke yangu, ndipo akanipa.

Dada, unajua kazi yangu ni kuziona filamu kabla ya watu wengine. Hii imo kwenye begi na nailoni yake sijaichana. Nafika Jumamosi. Chemsha ile chai yako ya tangawizi, na cherehani ibaki hapo hapo ilipo. Mimi niachie tu nafasi kwenye kochi.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura