Santuri Uliyonipa Siku ya Mwisho

Shoga yangu Rahma,

Ukiona maandishi yamepinda usinicheke. Leo siku ya nne tangu jambo nitakalokueleza, na kila nikikaa peke yangu najikuta nimeshika kichwa.

Mimi na mume wangu Juma tumehamia Kiembe Samaki. Nilipokuwa nafungasha vitu katika ile nyumba ya Kiponda, nikazikuta santuri za marehemu mama, za tangu gramafoni yetu haijafa, na juu yake ile moja uliyonipa wewe. Juma akasema tutafute gramafoni iliyotumika, ya bei rahisi, zisije zikaharibika bure bila ya kusikilizwa. Nikenda Mkunazini kwa Fundi Haji, anayetengeneza redio na saa. Alikuwa nazo mbili. Moja ya umeme, nyekundu, inang'aa kama imetoka dukani jana. Ya pili sanduku la mbao lililochubuka, ya kutia ufunguo kwa mkono. Macho yangu yote kwenye ile nyekundu. Fundi akanieleza kwamba ile ni ya santuri mpya nyepesi; hizi zetu nzito za zamani huzunguka mbio zaidi na zinataka sindano nene, nikizipiga pale zitakwanguka. Lakini hakutaka kunichagulia. Akanitaka nilete santuri moja tuisikilize kidogo tu kwenye zote mbili, sikio langu lenyewe liamue.

Kesho yake nikachukua iliyokuwa juu. Yako.

Unaikumbuka siku uliyonipa? Nyinyi mlikaa juu, sisi chini, na gramafoni yenu ulikuwa ukiiweka karibu na mlango wa ngazi makusudi, ili mimi na mama tusikie huku tunachagua mchele. Mchana ule ulishuka na santuri mkononi, kaka yako kasimama nyuma yako ngazini. Ukanambia, "Itoe uitazame, Asha. Leo leo."

Nikaona unanicheka. Unajua sina gramafoni, na yenu mmeiuza juzi yake. Niitazame ya nini? Nikaipokea bila ya asante, nikaitupa juu ya kabati. Baada ya Magharibi nilikusikia unatembea huko juu. Unakwenda mpaka dirishani, unarudi mpaka mlangoni, unasimama. Nikajisemea, mwache atembee, mimi sipandi. Asubuhi mlango wenu una kufuli.

Miaka saba, Rahma. Kila aliyeniulizia habari zako nilimwambia ulikuwa na kiburi, umeondoka hata kwaheri hukuniaga. Nilimwambia mpaka mama, aliyekupenda kama mwanawe, naye amefariki akiamini hivyo.

Basi Fundi Haji alipoichomoa santuri kwenye jalada lake, karatasi ikaanguka mezani. Akaniinulia, "Bi. Asha, hii yako?" Mwandiko wako niliujua kabla sijasoma neno.

"Tunaondoka alfajiri. Baba katukataza kumwambia mtu. Baada ya Magharibi wote watakuwa kwa shangazi, nitabaki peke yangu. Panda tuagane."

Nilikaa kitako pale pale sakafuni, mtu mzima na buibui langu. Fundi alidhani nimepata habari ya msiba, akaniletea maji, akamwita mke wake aje anishike. Walipouliza nani kafa nilitikisa kichwa. Nilikuwa nasikia nyayo zako tu. Zilikuwa ngazi kumi na nne, na mimi nimekaa chini yake nimenuna.

Alipotaka kujua nitachukua gramafoni gani, nilionyesha kwa kidole lile sanduku la mbao, bila ya kulisikiliza. Juma ndiye aliyekuja kulibeba. Linalia vizuri. Santuri za mama zote amezipiga, sauti safi, zinachakacha kidogo tu mwanzoni. Yako ameigusa mara moja, nikamwomba airudishe katika jalada.

Kuna jambo ambalo Juma sijaweza kumwambia, ila wewe unalijua. Mwaka wa tatu tangu mwondoke, alikuja mama mmoja kutoka Mombasa, kaniletea barua yako mkononi. Sikuifungua. Nilimrudishia pale pale mlangoni, nikamwambia, "Mwambie simjui." Akanitazama sana yule mama, akaitia tena kwenye mkoba wake akenda zake.

Juzi nimezunguka mji mzima kumtafuta. Nyumba aliyofikia wanakaa watu wengine, hawamjui. Ndiyo maana barua hii sikuitia gundi. Nimeinakili mara tano, nampa kila anayesafiri, aisome akitaka, amsomee yeyote atakayesema anamjua msichana aliyekaa juu yetu Kiponda. Waisikie wote aibu yangu, mradi wewe ikufike.

Nilisema simjui Rahma. Nilisema uongo. Nakujua, na nakuomba radhi.

Ni mimi, shoga yako wa chini,
Asha