Kuku Niliowachinja Mwenyewe

Wahu, uko? Nimejifungia kwangu. Nimemharibia Mama Shamim Idd yake.

Unajua bado yuko eda, tangu mzee wake azikwe Januari hatoki. Nikasema kama yeye hatoki, mtaa wetu wote wa Obunga utaingia kwake. Nikapika kuku wawili, nikakusanya wamama wa ploti, tukaingia na kelele zetu zote. Alicheka, Wahu. Sijamwona akicheka tangu matanga.

Nikafungua sufuria. Akaniuliza polepole, "Nekoye, nani alichinja?"

Nikajibu, "Si ni mimi."

Akarudisha sahani yake chini.

Nani alichinja. Wahu, miaka tisa nimekuwa nikibeba kuku wangu wakiwa hai mpaka mlango wa mzee, awachinje kwa jina la Mungu ndio sote tule sahani moja. Anatoka na kisu akinitania, "Mkristo, leta huyo mfungwa." Miaka tisa. Leo asubuhi nikashika kisu changu tu, na sikumkumbuka.

Nikataka kuondoa sufuria. Mama Shamim akanishika mkono. "Wacha wageni wale." Akatupakulia mwenyewe, halafu akakaa na watoto wake wakala wali mkavu na chai.

Wakati wa kutoka akanisindikiza mpaka mlangoni. Akaniambia, "Mwaka ujao walete wakiwa hai. Bisha tu vile ulikuwa unabisha."

Nikasema sawa, mama.

Sikumuuliza ni nani atatoka na kisu.