Akropoli ya Igogo

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na mawe ya mlimani yanateleza kama kambare.

Leo tumemshusha Mzee Malimi, jirani wa mama yangu kule juu Igogo. Jeneza halipandi kule. Njia kati ya mawe ni nyembamba, halipati pa kukata kona. Kwa hiyo marehemu hufungwa kwenye godoro, wanaume humpokezana jiwe hadi jiwe, na jeneza humsubiri barabarani. Anayetangulia huita, "Jiwe." Walio nyuma huitikia, "Tumeliona."

Masikio yangu bado yanaitikia.

Tulipotua kupumzika, shemeji yangu, mkufunzi kule Butimba, alitazama ziwa akasema, "Shemeji, huku juu mna akropoli yenu kabisa."

Nilimwakia, msibani pale pale. Nikamwambia neno hilo la Kigiriki limeunganishwa: akros, kilicho juu kabisa, na polis, mji. Na polis yenyewe, wachunguzi wa asili ya maneno wanasema, hapo kale ilikuwa ndiyo ngome ya kilimani. Watu walipojenga chini, jina likashuka nao. Juu ikabaki miungu. Kwetu juu wamebaki wasio na uwezo wa kununua kiwanja chini. Barabara iko chini, bomba liko chini, gari la wagonjwa linaishia chini. Ngome gani hiyo, inayomfungia mgonjwa ndani badala ya kumzuia adui nje?

"Mimi nilisifia mandhari tu, shemeji."

"Mshike miguu marehemu, tushuke."

Baada ya mazishi nilipanda kwa mama. Goti lake limevimba. Hajashuka hata kwenda kanisani tangu Pasaka. Nikamwomba tena ahamie kwangu Pasiansi, kwenye tambarare.

"Baba, hapa ndipo nilipowazalia," akasema, akichambua dagaa. "Nitashuka mara moja tu. Vijana wanaijua njia."

Mimi ninayebishana na wakubwa wa mji huu hadharani, niliishia kumsaidia kuchambua dagaa. Niliutazama mlango wake, nikajikuta nakadiria kama godoro litapita.

Hilo ndilo linalonitisha jioni hii.

Kesho napanda na begi la nguo. Nataka ashuke kwa miguu yake, polepole, nikiwa nimemshika mkono. Akikataa, nitalala sebuleni kwake hadi mmoja wetu achoke.

Yeye huwa hachoki.