Sahani Nyeupe Uani

Tarehe 4 Agosti, mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Natumaini mgongo umekuachia na shemeji hakohoi tena. Mimi ni mzima, nimechoka tu. Kiwandani bado tunayeyusha vioo vya chupa, na joto la tanuri linatukausha kama nguo kambani. Chumbani tuko wanne na dirisha linatazama ukuta, ndiyo maana picha zako za ndege wa uani huwa nazipokea kama mtu aliyefunguliwa mlango. Asante sana, dada.

Leo nikueleze habari ya zile rangi, maana umesemwa sana kwa ajili yangu. Ulipokuwa unanitumia picha nizipandishe kwa jina lako kwenye kundi la wapenzi wa ndege, kwa kuwa huku mtandao hausumbui, niliona zote zimefifia na kuwa za manjano. Nikasema simu ya dada imezeeka. Yule ndege wetu wa bluu namjua tangu utoto, basi baada ya zamu nikawa nakaa kitandani namwongezea bluu mpaka aonekane sawa. Nikajiona fundi.

Kumbe wenzetu kundini walikuwa wanaona ndege wa zambarau. Yule mwalimu mstaafu anayeliongoza akasema unapaka ndege rangi ili usifiwe, na ukirudia atakutoa. Nilijua kundi lile ndilo lililokurudishia kicheko tangu tumzike mama. Bado nikabisha kwamba rangi ni sahihi.

Ndipo ukaweka sahani nyeupe ya mama kando ya beseni wanapokunywa maji, ukaniambia nirekebishe nikitazama sahani kwanza. Ikiwa nyeupe, basi na ndege yuko sawa. Nikafanya hivyohivyo. Mwalimu akauliza kwa kejeli ni nani huyo anayekula kwenye sahani ya bluu. Ukanipigia simu umefura, ukasema sahani hiyo umeisugua kwa majivu kwa mikono yako mwenyewe, na kama mimi naona vingine nikapimwe macho.

Nilinuna. Lakini nilimwonyesha Mzee Soksi, mwenzangu wa tanuri, picha yako na ile niliyoirekebisha. Akasema sahani kwenye yako ni nyeupe kama meno ya mtoto, kwenye yangu ni bluu, na akaniuliza nimekunywa nini.

Dada, hili sikuwahi kukwambia. Mwaka mzima nilikuwa naona ukungu, namficha msimamizi, naogopa kurudishwa kipofu nije kuwa mzigo wako. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ndiye aliyenitilia kila kitu manjano, na huenda joto la tanuri limechangia. La kulia nimeshapasuliwa. Bandeji ilipotoka, nilifungua kwanza picha yako, ile ambayo sikuigusa. Sahani ilikuwa nyeupe. Ndege alikuwa na bluu ya sketi yako ya shule, shule ile niliyoikimbia. Nililia mpaka Mzee Soksi akanigombeza kwamba naharibu kazi ya daktari. Usingenifokea siku ile, ningekuwa bado najiona fundi.

Nimeandika kundini kwamba kosa ni langu, na picha zako zote nimezipandisha upya kama zilivyo. Mwalimu amekuomba radhi, tena anauliza sahani kama hiyo inapatikana wapi.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Jicho la pili ni mwezi ujao, na Desemba, Mungu akipenda, nitakuwa nyumbani. Nitaingilia mlango wa nyuma. Sahani usiiondoe.

Mdogo wako,
Kichwa Kigumu