Maoni ya Waliofunua Kisima

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Watu thelathini na mmoja wameshaucheza mchezo wangu wa kompyuta! Siku ya nne tu tangu niuweke mtandaoni. Nilidhani utachezwa na mimi na Timotheo, basi.

Nimesoma maoni dukani, mteja kasimama anasubiri kopi za cheti chake. Mmoja wa Poland kasema mchezo ni mfupi, dakika arobaini, lakini kila chumba kina harufu yake. Harufu, kwenye kompyuta! Mwingine kasema fumbo la mtungi halina akili. Mwingine: kutembea humo ni kama umekanyaga mlenda. Nimecheka peke yangu. Timotheo tunafanya naye kazi hapa steshenari, na ndiye aliyerekodi sauti za milango. Kaniambia si haba, dada Suhaila, hata wanaotukana wamefika mwisho.

Wengi wanasifia hiyo “nyumba ya kubuni”. Wangejua! Ni hii hii yetu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne. Ukumbi ule ule (baiskeli nimeiingiza humo, mchezo hauna baraza), chumba cha marehemu baba, jiko, ua. Unaiona kwa macho ya mchezaji, mikono yake tu ndiyo inaonekana. Milango imefungwa, unatafuta funguo. Mmoja uko ndani ya mtungi, chini kabisa, umefungwa kwenye kipande cha kifuu. Ukijaza maji unaelea. Maji yako kisimani uani, kwa hiyo unafunua mfuniko, unachota, unaendelea na kazi zako. Ukishafungua mlango wa mwisho unajikuta umerudi uani. Kisima kiko wazi. Ukingoni kuna kandambili moja ya mtoto. Mchezo umekwisha. Hakuna neno hata moja.

Mama hajui kama kitu hiki kipo. Anajua tu mwanawe anashinda kwenye laptopu. Yeye na ukili wake, anasuka, anasema macho yako yataoza.

Jumatano, 6 Agosti

Leo wamekishukia kisima.

Mwanamke wa Brazili (nadhani mwanamke) kasema amecheza mara saba kutafuta namna ya kurudisha mfuniko. Hakuna. Kakasirika kweli. Kasema mchezo unamlazimisha kufanya kosa halafu unamhukumu. Nyota mbili. Chini yake wamebishana watu tisa. Mmoja: kosa si lako, hukuonywa. Mwingine: lakini mkono ni wako, uliuona ukifunua. Mwingine katia utani kuhusu viatu, wakamfokea.

Wanabishana juu ya Samira bila kumjua.

Mdogo wetu. Miaka minne. Ijumaa, mwaka 2010, watu wanajiandaa kwenda msikitini. Kaka Shaib aliachiwa amwangalie, yeye yuko barazani anahangaika na mnyororo wa baiskeli. Samira akatumbukia kisimani. Baba aliuliza mara moja tu: nani kaacha kisima wazi? Shaib akasema labda ni mimi, nilinawa asubuhi. Labda! Neno moja hilo. Baba akamwambia toka. Akatoka, miaka kumi na tisa, na shati moja. Mpaka leo yuko Pemba, Wete, kwa ami yetu. Baba alipofariki hakuja. Nani angemwita?

Timotheo kauliza kwa nini nisiwape hicho kitufe cha kurudisha mfuniko, wanyamaze. Nimemwambia ndivyo mchezo ulivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilijaribu. Kitufe cha kurudisha mfuniko. Kazi ya dakika kumi. Nikacheza mpaka mwisho: kisima kimefunikwa, ukingoni hamna kitu, ua mtupu na jua.

Nimekifuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyota moja. Maneno mawili matatu tu: aliyetengeneza anajua ni nani aliyefanya, anatuficha. Huu ni uoga.

Nimefunga laptopu. Nikafua mashuka yaliyokwisha fuliwa.

Haya. Daftari ni langu, hakuna anayesoma. Niandike mara moja.

Mfuniko niliuacha mimi. Mama alinituma ndoo ya maji. Nilichota, nikaweka ndoo jikoni, wenzangu wakaniita barabarani kucheza rede. Nikaenda. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alipouliza nilikuwa nyuma ya mlango wa ukumbini, nasikia kila neno. Nilisubiri aulize tena. Hakuuliza tena! Kwa siku chache nikasubiri. Halafu mwezi. Halafu ikawa haiwezekani.

Nimelificha daftari chini ya godoro.

Jumatatu, 11 Agosti

Maoni mia moja na nne. Moja tu kwa Kiswahili.

Nalinakili kama lilivyo: “Mwenye mchezo, ukuta wa kisima ulikuwa chini ya goti. Wewe umeujenga mpaka kiunoni. Na baiskeli ilikuwa barazani, si ukumbini. Mengine umepatia.”

Hakuna jina. Halina haja ya jina.

Nimetoka nje, nikasimama mbele ya duka. Timotheo kaja nyuma yangu na glasi ya maji, kauliza kuna msiba? Nikasema upo, wa zamani.

Kumbe ukuta ulikuwa mfupi kiasi hicho. Mimi nilikuwa mdogo, kwangu ulikuwa mrefu. Baba alikijaza kisima kifusi wiki ile ile.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia Mjaka, mtoto wa ami. Ndiyo, kasema, yeye ndiye aliyempelekea Shaib linki. Aliiona nyumba akaijua, na kisima alikuwa kasimuliwa. Shaib aliucheza kwenye kompyuta ya shule anakofundisha Mjaka. Aliucheza mara ngapi? Mara nne. Alisema nini? Hakusema, aliomba aonyeshwe pa kuandika.

Nikarudi dukani nikakuta Shaib kaandika tena. Mstari mmoja: “Kwa nini anayefunua ni mchezaji?”

Watu mia wamecheza, wamelaumu mtungi, mwendo, mwanga, urefu. Huyu mmoja ndiye kauliza.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia Shaib. Saa nne asubuhi, nimejifungia stoo kati ya maboksi ya karatasi.

Tuna kawaida yetu mimi na yeye: Idi mbili kwa mwaka, hujambo, sijambo, mama hajambo, haya. Leo nilimwamkia, akaitikia, nikasema yote kwa pumzi moja ili nisirudi nyuma.

“Kaka, mfuniko niliuacha mimi.”

Nyuma yake watu wanachuma karafuu, mtu anaitisha ngazi.

“Sema tena.”

Nikasema tena. Ndoo, jiko, rede.

“Na baba alipouliza?”

“Nilikuwa nyuma ya mlango.”

“Ukanisikia nikisema labda ni mimi.”

“Nilikusikia.”

Akasogea mbali na watu, nilisikia majani yanakanyagwa. Halafu akazungumza taratibu, kama anasoma mahali.

“Mimi nilinawa asubuhi ile. Mwanzoni nilikumbuka kabisa, mkono wangu unarudisha mfuniko. Halafu nikajiambia unajidanganya, Shaib. Mwaka wa pili, wa tatu, nikaanza kukumbuka mkono ukiuacha. Naiona mpaka leo. Naiona wazi kuliko uso wa Samira. Kitu ambacho hakikuwa.”

Nikasema nisamehe. Nilikuwa nimeshalia zamani, sijui nilianzia wapi.

Akasema, “Baba nimemzika kwa simu, Suhaila.”

Akakata.

Ijumaa, 15 Agosti

Hapokei.

Mama kaniuliza mbona sili. Nimesema meno. Kanichemshia karafuu nisukutue. Karafuu! Zile zile anazotuletea Mjaka kutoka Pemba. Nimesukutua mbele yake, nimetema, nimesema ahsante mama, nafuu.

Jumapili, 17 Agosti

Hapokei.

Mtu wa Japani kaupa nyota tano. Kasema ameuzima akaenda kumpigia dada yake ambaye hawakusemezana miaka miwili. Kaniombea kheri, mimi nisiyemjua. Timotheo kalichapa lile oni kwenye karatasi ngumu, anataka tulibandike ukutani. Nimemwomba asilibandike. Kaniangalia sana. Si mtu wa kuuliza maswali, Timotheo. Kalikunja, kalitia kwenye droo.

Jumanne, 19 Agosti

Meseji ya Shaib, saa saba mchana: “Jumapili nashuka Tanga na boti. Mama nimeshamwambia nakuja. Wewe usimwambie neno. Utasema mbele yangu.”

Nimeisoma mpaka simu ikazima.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kasimama uani na fagio, hafagii. Uso umekuwa wa msichana. Anakuja! kasema. Suha, kaka yako anakuja! Kaacha karafuu mtini katikati ya msimu, anakuja kuniona.

Kaniinamia begani akalia. Mimi nimesimama kama nguzo.

Alhamisi, 21 Agosti

Nyumba imegeuzwa. Chumba cha baba kimepakwa chokaa. Godoro limeanikwa. Mama anataka samaki changu mkubwa, si wadogo, na mkate wa kumimina, na kachori, maana Shaib alikuwa akila kachori sita. Nimemwambia mama, sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na nne. Kasema basi atakula kumi.

Halafu akakaa, kavuta ukili, akasema bila kuniangalia: nitamwambia nimemsamehe. Nilitaka kumwambia tangu mwaka ule ule. Baba yenu alinifunga ulimi, na baba yenu alipoondoka nikaona haya kuanza. Mtoto kateleza, kasahau, nani hasahau? Nimemwacha mwanangu akae peke yake na jambo lile.

Mdomo wangu ulifunguka. Wallahi ulifunguka. Usimwambie neno, kasema Shaib. Lakini sijui kama nilinyamaza kwa kumtii yeye, au kwa yale yale ya nyuma ya mlango.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama kaenda makaburini kwa Samira, nikamsindikiza. Kampa habari: kaka yako anakuja. Nilisimama mbali kidogo, nikasoma Fatiha, nikaikosea, nikaanza upya.

Jumapili, 24 Agosti

Yupo. Yuko hapo ukumbini sasa hivi. Naandika chumbani kwangu kwa penseli, nimekaa pembeni ya kitanda, ushungi haujakaa hata kichwani.

Nilimpokea gatini. Sikumjua, nilimpita! Kaita jina langu. Ndevu zina mvi. Kapiga magoti? Hapana, aliinama kuokota mfuko wake, mimi ndiye nilidhani. Nikamwamkia, shikamoo kaka. Akasema marahaba, na akaishika mikono yangu akaiangalia, upande huu na upande huu, kama anatafuta kitu. Hakusema kanisamehe. Njiani kote aliongea na dereva wa bajaji habari za barabara, kwamba Ngamiani imejaa maghorofa. Tulipofika mlangoni kaniambia kwa sauti ya chini: kwanza nile na mama, Suhaila. Niache nile. Halafu utasema.

Wamekula. Kachori kala saba. Mama hakula, kazi yake kumtazama na kumwekea. Alicheka, kakohoa kwa kucheka. Shaib kamsimulia karafuu, kamsimulia mwanawe mdogo aliyetumbukiza kobazi za jirani kwenye uji. Sijawahi kusikia nyumba hii ikiwa hivi. Nilitaka wali usiishe.

Shaib kanawa. Kafuta mikono. Kanitazama.

Na mama akawahi! Kabla sijafungua mdomo. Kamshika kichwa kwa mikono miwili, na masizi ya jiko bado vidoleni, kamwambia: mwanangu, ile Ijumaa. Nimekusamehe. Nilikusamehe siku ile ile, Mungu shahidi yangu, nisamehe mimi nilivyochelewa kukwambia.

Nikaona shingo ya Shaib. Mshipa umesimama. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa yake, kayasubiri miaka kumi na tano, na yamekuja kwa kosa lisilo lake. Hakusema ndiyo. Hakusema si mimi. Macho kwangu tu.

Nikainuka nikakimbilia huku. Miaka ishirini na sita, nakimbia kama wa kumi na moja.

Nawasikia. Ukuta ni mwembamba. Mama anauliza: huyo naye kaenda wapi? Aone haya ya nini? Suha! Njoo ukae na kaka yako!

Shaib kamjibu. Sauti haina hasira. Haina chochote.

“Mwache mama. Anakuja.”

Kiti kimevutwa. Wanasubiri. Naiweka penseli chini.