Alama ya Baba Haijafutwa

Shoga, uko wapi? Nimetoka mgodini sasa hivi, nimekaa kwenye gari la ofisi na matope yangu. Usipige, siwezi kuongea. Soma tu.

Si unajua tunaupima ule mgodi uliofungwa, alikokuwa anafanya kazi baba? Leo tumefika handaki la mwisho. Ukuta wa mlangoni umejaa michoro ya chaki. Mlinzi akatuambia zamani kila mchimbaji alichora alama yake akiingia, akitoka anaifuta kwa kiganja.

Zote zimefutwa. Zote, shoga! Isipokuwa moja.

Jogoo wa mguu mmoja.

Yule yule aliyechorwa kwenye sanduku la baba, tuliyekuwa tunamcheka utotoni. Na hatua chache mbele yake mwamba umeporomoka, njia imeziba kabisa.

Nikamuuliza mlinzi, "Na huyu?" Akasema, "Huyo, mwanangu, walisema katoroka na mwanamke."

Walisema! Miaka ishirini tunaamini. Mimi hata nilipojifungua nilikataa mtoto apewe jina lake. Unakumbuka nilivyofoka?

Bosi wangu hakujua lolote. "Soma vipimo, dada, taa inaisha chaji." Nikasoma. Nimesoma vyote, sikukosea hata kimoja, machozi yanadondokea daftari.

Mama kapiga sasa hivi. "Umetoka salama huko chini?"

Nikasema, "Nimetoka, mama." Halafu nikakata simu, maana neno lililokuwa linafuata ni baba.